Mlango wa nyuma haufunguki: uzoefu wangu na haibridi ndogo kama gari la dharura

Nyota moja. Na hiyo moja naipa viti vya nyuma, kwa sababu ni laini, na juu yake ndipo nililala kifudifudi gizani nikipapasa kitu kinachoitwa kamba ya kufungulia buti.

Nguvu ya injini, idadi ya spika na ukubwa wa skrini katafuteni wenyewe, yamejaa kila mahali. Mimi nina neno moja tu na gari hili, na neno hilo ni betri ndogo ya volti 12. Haibridi hii, yaani gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri yake kubwa, husifiwa kuwa gari la kila siku ambalo siku ya mafuriko, moto wa nyika au tetemeko litapakia watu na vitu na kuondoka bila kuuliza. Liliuliza. Liliuliza volti 12, hazikuwapo, likajifunga kama konokono huku maji yanapanda.

Someni mpangilio wenyewe polepole, maana mimi hadi leo nikiueleza nakosa pumzi. Betri ndogo iko ndani ya buti, pembeni, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Mlango wa buti hauna tundu la ufunguo. Hufunguka kwa kubonyeza swichi, swichi inaita mota, mota inavuta kitasa. Umeme wa mota unatoka wapi? Kwenye betri iliyo ndani ya buti. Aliyebuni hivi angefaa kutengeneza masanduku ambayo ufunguo wake huhifadhiwa ndani ya sanduku.

Jeki iko wapi? Chini ya sakafu ya buti. Spana ya nati za magurudumu? Hapohapo. Ndoano ya kuvutia gari? Hapohapo. Dawa ya pancha na pampu yake? Nadhani mmeshaelewa. Na ukishapakia gari kwa ajili ya kukimbia maafa, juu ya sakafu hiyo kuna madumu ya maji, magodoro na mabegi. Kamba ya dharura ipo, ni kweli, imejificha nyuma ya kijifuniko kidogo upande wa ndani wa mlango, kwa hiyo mzigo unaoegemea mlango ndio unaoizuia. Kuifikia lazima uingie kwa milango ya mbele, ulaze viti vya nyuma, uhamishe nusu ya mzigo kuuleta mbele, kisha utambae. Mtu mnene haingii. Mwenye mgongo mbovu asijaribu.

Betri haikufa kwa uchawi. Gari lilikuwa limesimama siku kadhaa, na rimoti ilikuwa imetundikwa ukutani hatua chache tu kutoka lilipoegeshwa. Rimoti ikiwa karibu, baadhi ya magari ya aina hii hayalali sawasawa. Kompyuta zake zinashtuka kila mara kuuliza kama mwenyewe amefika. Gari lililolala vizuri hunyonya miliampea 20 hadi 50. Chukua betri ya ampea-saa 45, kama zile ndogo za haibridi: kwa miliampea 50 inapoteza ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa hiyo itafika nusu baada ya siku kama 18. Lakini gari likikesha na kunyonya ampea moja na nusu, nusu hiyohiyo inakwisha kwa saa 15. Ongeza muda wa kupakia, mlango wa nyuma uko wazi, taa za ndani zinawaka, kila anayepita na begi anaamsha kompyuta upya. Voltimita ikasoma 9 na kitu. Betri nzima iliyopumzika saa kadhaa inatakiwa isome 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, hesabu kwamba huna betri.

Na msiniambie "lisukume liwake". Gari la gia za mkono, ndiyo: swichi iwe imewashwa, kanyaga klachi, weka gia ya pili, watu wawili wasukume, achia klachi ghafla. Haibridi haiwaki hivyo kabisa. Haina hata stata ya kawaida. Injini inazungushwa na mota kubwa inayolishwa na betri kubwa, na betri kubwa haiungwi mpaka ile ndogo ivute swichi zake. Kwa hiyo unaweza kuwa na betri kubwa iliyojaa umeme chini ya kiti, na gari limekufa kwa kukosa umeme wa kuwasha balbu. Mganga hajigangi. Magari ya umeme mtupu nayo yana ugonjwa huuhuu, asije mtu hapa kujidai.

Basi tulisukume tu litoke majini? Breki ya mkono ni ya umeme: mota mbili ndogo kwenye magurudumu ya nyuma zimebana pedi, na bila umeme haziachii. Gia imefungwa kwenye P, ile ya kuegesha, nayo kwa umeme. Baadhi ya magari ya otomatiki yana kitundu karibu na mkono wa gia, unasukuma bisibisi na gia inaachia. Hili halina, kwa sababu mkono wa gia wenyewe ni swichi tu, haujaungwa na chochote cha chuma. Kulivuta nako ni mtihani: magurudumu ya mbele hayatakiwi kuzunguka chini kwa sababu yameungwa na mota, na mota ikizungushwa inazalisha umeme usio na pa kwenda, ya nyuma yamebanwa. Mbele huruhusiwi, nyuma haiwezekani. Linataka kubebwa lote juu ya lori, kama bwana harusi. Lori hilo, siku ambayo kila mtu anakimbia, utalipata wapi?

Nilipowarudia walioniuzia, kijana wa mapokezi hakuinua hata macho. "Kaka, kwani kitabu cha gari hukukisoma?" Nikamwambia kitabu nilichopewa ni kijitabu chembamba cha kurasa chache, cha kuunganisha simu na redio. "Kile kizima kipo kwenye programu, unapakua." Yaani maelekezo ya kufungua gari lililokufa siku ya maafa yako kwenye intaneti, na intaneti ni kati ya vitu vya kwanza kuanguka umeme wa mtaa ukikatika. Nilitoka pale kwa heshima. Heshima hiyo najuta kuitumia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana alikuwa na haki. Nilikipakua. Sura ipo, na suluhisho ni la dakika tano. Nalitoa hapa bure kwa sababu naona magari mengi ya jamii hii yana kitu kilekile, ingawa hakikisheni kwenye kitabu cha gari lenu kabla ya kugusa.

Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma. Kuna kitufe kidogo ubavuni, unakivuta, unateleza nje. Kwenye mkono wa mlango wa dereva, chini ya kijikofia cha plastiki, kuna tundu lake. Ukiingia, vuta lever ya boneti, hiyo ni waya wa chuma, haijui umeme ni nini. Chini ya boneti fungua kisanduku cha fyuzi. Kuna kifuniko chekundu, na chini yake kichwa cha chanya. Hapo ndipo pa kubusti, yaani kuazima umeme wa gari jingine au wa busta (betri ya kubebeka), bila kugusa buti wala betri yenyewe. Waya mwekundu kwenye chanya hiyo kwanza, kisha mwekundu upande wa gari zima au wa busta. Mweusi kwenye hasi ya upande mzima. Mweusi wa mwisho kwenye chuma kitupu cha gari lililokufa, mbali na betri. Kwa kuwa hakuna stata ya kuzungusha, busta ndogo ya kushika kwa mkono inatosha kabisa. Kompyuta zinaamka, swichi za betri kubwa zinaunga, taa ya READY (gari liko tayari kuondoka) inawaka, na mlango wa nyuma unafunguka kwa madaha kama vile hakuna lililotokea.

Tahadhari moja ambayo nisingependa mtu aijifunze kwa gharama: usikosee chanya na hasi. Kwenye gari la zamani ukikosea unaona cheche na unatukana. Hapa unaweza kuunguza fyuzi kuu au kompyuta, na hapo huna gari tena. Vilevile usilitumie kubusti lori la jirani la dizeli; vitabu vingi vya haibridi vinakataza, kwa sababu kifaa kinachochaji betri ndogo hakikutengenezwa kustahimili ampea nyingi kiasi hicho.

Kwa hiyo narekebisha: nyota tatu kwa gari, sifuri kwa walioliuza. Hili nililonalo sasa si lile lililotoka dukani. Busta inakaa chini ya kiti cha dereva, si kwenye buti, na inachajiwa kila miezi mitatu maana ikisahauliwa mwaka nayo inakufa. Asiache mtu busta ya lithiamu kwenye dashibodi juani, joto linaiua. Jeki, spana na ndoano ya kuvutia vimehamia chini ya kiti cha abiria ndani ya mfuko wa turubai, vimefungwa visiruke gari likipiga breki. Kamba ya dharura ya mlango imeongezwa uzi mwekundu wa mita moja na nusu unaopita juu ya mzigo hadi kwenye kiti cha nyuma. Rimoti sasa inakaa mbali kabisa na gari. Kazi yote hiyo haikunichukua hata asubuhi moja. Kwa nini kiwandani hawakuifanya, hilo waulizwe wao.

Ndoano ya kuvutia, kwa njia, jaribuni kuifunga leo. Inaingia nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa, na kwa magari mengi uzi wake ni wa kinyume: unakazwa kwa kuzungusha kushoto. Nimeona watu wakikaza na kulegeza hadi wanaamini tundu limeharibika.

Na hapa hasira inanirudia, maana halina tairi la akiba. Lina chupa ya dawa na kipampu. Dawa hiyo inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga chini, basi. Tairi likichanika ubavuni, au ukipita juu ya bati baada ya kimbunga, chupa ni ya kumwagilia maua. Ina tarehe ya kuharibika ubavuni, na kwenye gari lililotumika mara nyingi imeshapita. Nilitafuta lile tairi jembamba la akiba, pamoja na mkanda wa kulifungia. Linajazwa upepo hadi pauni 60 (psi), karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Lipimwe kila unapopima mengine, maana tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu.

Spana ya kiwandani nayo ni fupi kama kalamu. Nati nyingi za gari dogo hukazwa takriban nyutoni-mita 100. Kwa mkono wa nusu mita unahitaji kusukuma kwa uzito wa kilo 20, jambo ambalo mtu yeyote mzima ataliweza. Kwa spana ya robo mita unahitaji kilo 40, na hiyo ni kama fundi hakuzikaza kwa mashine ya upepo, na fundi huwa amezikaza kwa mashine ya upepo. Nunua spana ya kuvutika yenye soketi ya saizi yako, kwa kawaida 19 au 21. Mpe mtu mwepesi kuliko wote nyumbani afungue nati zote nne au tano za gurudumu moja, gari likiwa chini. Akishindwa, spana hiyo haifai. Kama ringi za alumini zimegandana na kitovu cha chuma kwa kutu, legeza nati bila kuzitoa, kisha litikise gari huku na huku, likiwa bado halijapandishwa jeki. Grisi kidogo sana kwenye mdomo wa kitovu inazuia jambo hilo. Isiguse uzi wa nati. Na chini ya jeki weka ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita mbili, la sivyo kwenye tope jeki itazama na gari litabaki lilipo.

Kwenye kupakia, kosa lilikuwa langu, nakiri. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna matundu ya hewa yanayofanana na spika. Si spika. Ni pua ya kupoza betri kubwa. Godoro likikaa hapo, feni inanyonya kitambaa, betri inapata joto, gari linapunguza nguvu na kuwasha taa ya onyo ukiwa mlimani. Acha nafasi ya kiganja mbele ya matundu hayo, na yasafishwe vumbi na nywele za mbwa. Uzito nao usisahaulike: kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva kwenye hili kinasema kilo 430, watu wakiwemo. Watu wazima watano wa kilo 75 ni 375. Zinabaki 55, yaani madumu mawili ya maji ya lita 20 na kisanduku cha vifaa. Kila kinachozidi hapo unakipakia kwa hasara ya breki na shokapu. Familia ya watu watano yenye ndoto ya kuhama na jokofu itafute gari jingine.

Mnaosema "ungenunua tu gari kubwa la magurudumu manne", nawasikia. Siku chache nami nawaza hivyo. Lakini angalieni kinachotokea kweli watu wanapokimbia. Kimbunga Rita mwaka 2005, kule Texas, watu walikwama kwenye foleni za saa nyingi mno na magari mengi yakaishiwa mafuta barabarani. Kimbunga Sandy mwaka 2012, New York na New Jersey, baada ya tufani mafuta yakauzwa kwa zamu za namba za magari, shufwa na witiri, na vituo vingine vilikuwa na mafuta kwenye matangi lakini havina umeme wa kuyasukuma. Kwenye foleni haibridi inazima injini na kusogea kwa betri, wakati hata injini ndogo ya kawaida ikinguruma bila kwenda inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Tangi lisishuke chini ya nusu, na hata hiyo nusu inakufikisha mbali. Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi zinataka safari ndefu zilichome, na zile zinazotumia AdBlue, dawa ya kusafisha moshi, dawa hiyo ikiisha hukataa kuwaka tena baada ya kuzimwa. Magurudumu manne yanasaidia kuondoka kwenye tope. Hayasaidii kusimama, na hayaelei. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kubeba gari dogo, na 60 yanabeba hata yale marefu mnayoyasifia.

Haibridi ina hila yake hapo: ukiingia majini kimya kimya kwa betri, injini inaweza kuamua kuwaka katikati na kuvuta maji kupitia pua yake ya hewa. Maji hayabanwi, pistoni inagonga, fimbo yake inapinda. Likizimika majini, usibonyeze tena kitufe cha kuwasha hata mara moja mpaka fundi atoe plagi na kutazama silinda. Kwangu maji yalifika kwenye ringi tu, hayakugusa umeme. Mlango ulikuwa umefunguka kabla.

Usiku umeme ukikosekana ndipo ninapolisamehe. Likiwa kwenye READY, kibadilisha umeme cha wati 300 kilichobanwa moja kwa moja kwenye betri (si kwenye tundu la kiberiti, hilo fyuzi yake inakata karibu wati 150) kinachaji simu za nyumba nzima na kuwasha taa, injini ikijiwasha dakika chache na kuzima yenyewe. Kwa sababu inajiwasha yenyewe, gari liwe nje, uwazi mtupu, mbali na dirisha. Ndani ya banda lililofungwa hewa ya ekzosi inaua watu wakiwa usingizini. Bila kuwa na hili ningehitaji jenereta.

Basi nyota tatu. Nne, kama wataweka tundu la ufunguo kwenye mlango wa nyuma. Leo asubuhi betri imesoma 12.5 na uzi mwekundu umevutwa mara moja kujaribu. Mlango ulifunguka, kisha ukakataa kufunga, na sasa dashibodi inanilalamikia kwamba buti iko wazi. Nimerudi kwenye mbili.